Yoga ya kiti, ya jasho au ya pumzi: uanze na ipi?

Ndani ya wiki moja watu watatu wamenijia hapa Chumbageni, Tanga, na swali moja, na kila mmoja ameondoka na jibu lake. Wa kwanza ni shemeji yangu, dereva wa fuso linalobeba machungwa ya Muheza kwenda Dar. Akifika nyumbani hashuki garini mara moja, hushuka kwa mafungu: mguu, kisha mkono kiunoni, kisha "yallah", ndipo aje yeye mwenyewe. Wa pili ni jirani yangu wa vitumbua. Huyu huamka saa tisa usiku kukoroga mchele uliosagwa, na hata siku asiyopika macho humfunguka saa ileile, akabaki anahesabu mabati. Ana presha, na dawa anameza. Wa tatu ni binti wa dada yangu, yuko chuo, na simu yake imejaa picha za watu waliosimama kwa kichwa ufukweni.

"Mama mdogo, nianze na yoga gani?"

Afadhali aliuliza "gani". Kumwambia mtu "fanya yoga" ni sawa na kumwambia "paka mafuta" bila kusema ya nazi au ya taa. Mimi si mwalimu wala daktari. Ni fundi cherehani, nimeinamia mashine miaka 18, na yoga niliifuata Dar kwa ajili ya shingo iliyogoma kugeuka. Aina tatu nitakazozisema nimezipitia zote, na moja iliniumiza.

Shina ni moja

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Mzizi wake, yuj, maana yake ni kuunga, kufunga nira kama wafungwavyo ng'ombe wa plau. Andiko linalotegemewa zaidi ni Yoga Sutra la Patanjali, mwanachuoni wa kale wa India, lenye aya fupifupi 196 (wako wanaohesabu 195). Aya yake ya pili tu imeshasema yote: yoga ni kutuliza misukosuko ya akili. Halafu anataja viungo vinane vya njia hiyo, kwa mpangilio: makatazo ya kuishi na watu, maagizo ya kuishi na nafsi yako, mkao, pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kukaza fikra mahali pamoja, kutafakari, na mwisho kuzama hadi mtu asahau kwamba anatafakari.

Mkao ni wa tatu, na katika aya zote hizo umepewa tatu tu. Maelekezo yake: uwe thabiti, uwe wa raha. Basi. Hakuna kusimama kwa kichwa wala mguu nyuma ya shingo. Hata andiko jingine, Hatha Yoga Pradipika, lililoandikwa karne ya 15, lina mikao 15 tu, mingi ya kukaa. Mazoezi tunayoyaona leo kwenye simu yalipata sura hiyo karne ya 20, na sehemu kubwa ilitoka mikononi mwa mwalimu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha katika jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930.

Kutoka kwake ndipo njia zikagawanyika. Mwanafunzi wake mmoja, B.K.S. Iyengar (1918–2014), alikuwa shemeji yake, kijana aliyedhoofishwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Akaja kujenga yoga ya polepole, ya kuegemea vitu, ya mtu anayejua maana ya mwili kukataa. Mwingine, K. Pattabhi Jois (1915–2009), akashika yoga ya mwendo na jasho. Mwalimu ni mmoja, wanafunzi wawili hawakufanana hata kidogo. Ya tatu, ya pumzi na ya kulala chali ukiwa macho, haitegemei sana mikao, nayo ndiyo watu wengi huiruka.

Ya kiti, kwa ajili ya mgongo wa dereva

Katika yoga ya Iyengar mkao mmoja unaweza kukushughulisha dakika tano. Mwalimu atakuambia ugeuze paja kwa ndani, uinue kifua, ulegeze ulimi. Ulimi! Kuna mikanda, matofali ya mbao, mablanketi, viti, kamba ukutani. Ukisikia orodha hiyo utadhani ni ya wenye pesa, lakini kwangu imekuwa kinyume. Kiti cha plastiki ninacho. Mkanda ni wa suruali ya mume wangu. Blanketi ni doti mbili za kanga zilizokunjwa mara nne. Ukuta upo, sikuununua.

Shemeji nilimwonyesha mambo mawili tu. La kwanza, alale chali sakafuni, vigimbi vya miguu vikae juu ya kiti, mapaja yasimame wima, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Dakika kumi. Hakuna kingine cha kufanya, na kwa mwanamume aliyezoea kukaza meno hicho ndicho kigumu. Dakika ya nne alianza kuniambia bei ya machungwa, nikamwambia anyamaze. Dakika ya saba nikaona kiuno, kilichokuwa kimejikunja kama upinde, kinashuka taratibu hadi kikagusa mkeka. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kilikuwa juu.

La pili ni la njiani. Akisimama Segera aweke viganja kwenye bodi la gari usawa wa kiuno, arudi nyuma hatua mbili tatu hadi mgongo ulale kama meza, magoti yakunjwe kidogo, avute pumzi nane. Si lazima atandike kitu chini mbele ya wauza mahindi.

Hapa yoga ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa maumivu ya mgongo wa chini, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge kwa mtu ambaye maumivu yake yamevuka wiki 12. Hakikusema inaponya kila mgongo. Na kuna migongo ambayo haitakiwi kuja kwangu wala kwenye kiti: ganzi kati ya mapaja, mguu unaoishiwa nguvu, mkojo usiozuilika. Hiyo ni ya hospitali, siku hiyohiyo.

Kasoro ya njia hii ni uchoshi. Kijana wa miaka 20 ukimweka ukutani akageuza paja nusu saa, kesho humwoni.

Ya jasho, na goti langu

Njia ya Jois huitwa Ashtanga, na jina hilo limewachanganya wengi. Kwa Kisanskriti ni "viungo vinane", yaani vilevile vya Patanjali, lakini ukienda darasani utakuta mfululizo wa mikao isiyobadilika, mmoja ukimzaa mwingine, pumzi ikisikika kooni kama wimbi linalorudi kwenye changarawe. Unaanza na salamu ya jua, mara tano ya namna moja na mara tano ya pili, na mfululizo wa kwanza wote huchukua kama saa moja na nusu. Desturi ni siku sita kwa wiki. Hupumzika siku ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Wavuvi wetu wakisikia hilo hawatashangaa, hizo ni siku za bamvua, maji yenyewe hayajiwezi.

Faida yake inaonekana haraka: mikono inapata nguvu, tumbo linakaza, usingizi unakuwa mzito. Na kwa kuwa mpangilio haubadiliki, baada ya miezi unaujua kama njia ya kwenda sokoni na akili haina kazi ya kuchagua. Hapo ndipo utulivu unapojipenyeza. Sikatai, kuna asubuhi nilimaliza mfululizo ule nikahisi kichwa kimefagiliwa.

Lakini mimi nilikuwa na miaka 37 na nyonga za kukaa mashineni. Mwalimu mmoja huko Dar, wa kwanza kunifundisha, alikuwa na haraka kuliko mimi. Kuna mkao ambao mguu mmoja hukunjwa juu ya paja la pili, nusu ya ule mkao maarufu wa yungiyungi. Mzunguko ule hutakiwa kutoka kwenye nyonga. Nyonga ikigoma, goti hulipa, na goti si kiungo cha kuzungushwa, ni bawaba. Aliuona mguu wangu umebaki juu, akausukuma chini kwa kiganja. Nilisikia kitu kama uzi mnene unapokatwa kwa meno. Wiki sita nilikanyaga pedali ya cherehani kwa mguu wa kushoto, na wateja wangu wa sikukuu wanakumbuka mishono ya mwaka ule.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba katazo la kwanza kabisa la Patanjali, kabla ya mkao wowote, ni ahimsa, kutodhuru. Nilidhani ni habari ya wanyama na majirani. Na goti lako nalo ni kiumbe.

Kwa binti nilisema ndiyo, aanze na hii, kwa sharti kwamba mkao wa kichwa usubiri mwaka, na mtu akimsukuma ainuke aondoke. Ana miaka 20, magoti mazima, na nguvu zinazomsumbua asijue pa kuzipeleka. Ukimpa kiti na kanga atalala usingizi wa mchana. Saa yake iwe alfajiri. Nasikia nje wako wanaopasha chumba moto hadi nyuzi 40 ili watoke jasho wakifanya yoga. Waje kwangu Februari saa nane mchana, sitawatoza kitu.

Kuhusu cha kutandika: mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kulala chali, ila kwenye salamu ya jua unateleza juu ya saruji kama ndala kwenye matope. Wa mpira ni bora kwa jasho. Wa kiti na wa pumzi wabaki na ukindu wao.

Ya pumzi, kwa asiyelala

Jirani yangu alikuja akidhani nitamnyoosha. Mwanamke anayechutama mbele ya jiko tangu usiku wa manane, akainuka na kuchutama tena mara sitini, hana haja na mimi nimfundishe kuchutama. Huko mijini watu hulipia kurudishiwa mkao huo. Kilichomsumbua ni kwamba mwili ukilala, kichwa kinabaki kazini.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Nilimpa hesabu nyepesi: kuvuta kwa pua kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, bila kubana, dakika tano, ameketi kwenye kigoda mgongo ukiegemea ukuta. Sekunde kumi kwa pumzi moja ni pumzi sita kwa dakika. Pumzi inapotoka polepole, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kichwani kupitia kifuani hadi tumboni, hupunguza mwendo wa moyo. Ndiyo sababu mtu aliyepona ajali hushusha pumzi ndefu kabla hajasema neno. Mwili unaijua dawa hii tangu zamani, sisi tunaipa ratiba tu.

Usiku akishalala kitandani huongeza yoga nidra, usingizi wa yoga, kwa namna iliyopangwa na Satyananda Saraswati wa shule ya yoga ya Bihar, India: unazipitisha fikra zako kila kiungo, ukianzia kidole gumba cha mkono wa kulia, cha pili, cha tatu, kiganja, kifundo, hadi mwili mzima umeitwa jina. Kamili yake ni nusu saa hivi. Yeye hajawahi kufika mguu wa kushoto.

Presha hushuka kwa mazoezi haya, lakini kidogo. Inatosha kumfurahisha daktari, haitoshi kumwachisha vidonge, na hilo nilimwambia mbele ya binti yake ili awepo shahidi. Nilimkataza pia zile pumzi za kupiga tumbo kwa nguvu kama mvukuto wa mhunzi, na kubana pumzi muda mrefu. Mwenye presha na mjamzito waziache. Mwenye presha ya macho naye asipinduke kichwa chini.

Kuna watu ambao kuitazama pumzi huwazidishia wasiwasi, kifua kinabana badala ya kufunguka. Ukiwa mmoja wao usijilazimishe. Fumbua macho, sikiliza feni, au nenda katembee.

Na kutembea je?

Nimeulizwa hilo pia, na nadhani watu wa yoga hawalijibu kwa haki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yoga ya kiti haikufikishi huko, ya pumzi ndiyo kabisa. Ya jasho inakaribia. Ukiwa na sukari au uzito unaokusumbua, na una nusu saa tu kwa siku, mimi ningekupeleka Raskazone alfajiri utembee upesi upepo wa bahari ukikupiga, au uitoe ile baiskeli iliyoegeshwa uani. Tanga hatuna udhuru wa baiskeli. Yoga iongeze baadaye, kwa ajili ya vile ambavyo kutembea hakuvigusi: mabega, shingo, na kichwa kisichonyamaza.

Swali la dini

Jirani aliliuliza kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni: "Shoga, lakini hii si ibada ya Wahindi?"

Sikumdanganya. Yoga imetoka katika dini za India, na agizo la tano la Patanjali ni kujikabidhi kwa Mungu, kwa namna anavyomwelewa yeye. Kuna madarasa yanayoanza kwa kuimba Om, sauti takatifu ya Wahindu, na mengine yana dua za Kisanskriti. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwazuia Waislamu kufanya yoga yenye maneno na nia ya ibada. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliiruhusu ifundishwe kama mchezo. Ukizisoma vizuri, nchi hizo mbili zimechora mstari karibu mahali pamoja: mwili upande huu, ibada upande ule. Hata salamu ya jua, jina linalowashtua wengi, haimo katika Yoga Sutra. Ilienezwa kama zoezi la mwili na mtawala wa Aundh, India, miaka ya 1920.

Mimi siimbi, na mfululizo ule nauita kujinyoosha. Jirani anahesabu pumzi zake kwa tasbihi, sijaona sababu ya kumzuia. Lakini nakiri kwamba tukishaondoa hayo tunabaki na kipande cha yoga, si yoga nzima, na Mhindu akituambia hivyo ana haki yake. Moyo wako ukisita hata baada ya hayo, muulize shehe wako au mchungaji wako, si fundi cherehani. Raskazone haina fatwa.

Mwezi wa Ramadhani mimi huacha ya jasho kabisa. Ya kiti huifanya kabla ya magharibi, wakati uji uko jikoni, na ya pumzi baada ya tarawehe.

Isiyohitaji mkeka

Kuna ya nne ambayo sikumpa yeyote kati yao, kwa sababu haipendezi kupewa. Patanjali aliweka tabia kabla ya mwili: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia, kutolimbikiza. Nilivyozisoma mara ya kwanza nilizipita upesi, nikidhani ni utangulizi. Kisha nikarudi kwenye ile ya pili. Nani asiyeijua kauli ya fundi? "Njoo Ijumaa." Ijumaa: "Bado kifungo tu." Kitambaa hata sijakikata. Kwa miaka mingi nilikaa na bega la kulia limepanda karibu na sikio, na kila mlango ulipobishwa lilipanda zaidi. Nililinyoosha kwa kiti, kwa ukuta, kwa mkanda, likashuka likarudi. Kutoiba nako kuna habari zake, muulize fundi yeyote vipande vinavyobaki vinakwenda wapi.

Basi ukinilazimisha kuchagua kwa niaba yako: mgongo au goti bovu, anza na kiti. Kijana mzima asiyekaa kitini, jasho. Usingizi, presha, hasira za jioni, pumzi. Na kama hujui, anza na pumzi, kwa kuwa haina gharama na huwezi kujivunja nayo.

Juzi binti alipita akiwa na mkeka wake mpya wa mpira mgongoni, akanikuta simu i sikioni. "Shikamoo mama mdogo. Leo unafanya ipi?" Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Nilikuwa na magauni manane ya harusi ya Alhamisi, na mama wa bibi harusi alikuwa upande wa pili wa simu, namwambia yatakuwa sita.